Msimwage kilichobaki kwenye chujio

Wanangu mnaoanza maabara mwaka huu, najua wengi mmevutwa na bakteriofaji, au faji kwa kifupi, virusi vinavyoshambulia bakteria. Si ajabu, kipindupindu tunakijua Unguja na Pemba, na dawa zinazidi kushindwa na bakteria sugu.

Mtafundishwa utaratibu wa kawaida: chota maji, yazungushe kwenye mashine, yapitishe kwenye chujio la mikromita 0.2, changanya na bakteria, mimina kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria. Utaratibu mzuri, ila umeshakuchagulia utakachokiona. Faji kubwa, yaani zenye jenomu (DNA yake yote) inayozidi jozi 200,000 za besi, nyingi hupotelea hapo. Kichwa cha faji phiKZ, inayoshambulia Pseudomonas aeruginosa, kina upana wa nanomita 145 hivi, na mkia bado. Kwenye kifumbu tunataka tui. Hapa unachokitafuta kimebaki na chicha.

Basi mkirudi na maji ya mikokoni Chwaka, au ya karo la mjini, yagaweni mafungu mawili. Moja lifuate utaratibu wa kawaida. La pili lizungusheni kwa kasi ndogo, uchafu utuame bila kuburuta virusi vizito, kisha litumieni chujio la 0.45, au klorofomu ya kumaliza bakteria waliobaki. Klorofomu nayo msiiamini sana, zipo faji zinazokufa nayo.

Halafu agari. Safu ya juu kwa kawaida huwa asilimia 0.6 au 0.7, na humo kirusi kikubwa hakisambai, vidoa vyeupe vya bakteria waliouawa vinatoka vidogo mno au havitoki kabisa. Teremkeni mpaka 0.3, hata chini yake. Faji G ya Bacillus megaterium, yenye jozi karibu 498,000, haitaki agari nzito. Agari nyepesi hivyo huteleza, kwa hiyo sahani msizigeuze juu chini kwa mazoea.

Wenye hamu ya vibrio, jamii ya bakteria wa kipindupindu, waanze na faji KVP40. Ilipatikana katika maji ya bahari Japani, ina jozi 245,000 hivi, na inashambulia Vibrio parahaemolyticus na hata Vibrio cholerae. Ni jamaa wa T4, faji maarufu ya E. coli, kwa hiyo mnaoijua T4 hamtapotea.

Jambo linalonifanya nisichoke na viumbe hawa ni lile la jamaa wa phiKZ. Mwaka 2017 watafiti walionesha kwamba faji 201φ2-1, ikishaingia ndani ya bakteria, hujenga ukuta wa protini kuizunguka DNA yake, kitu kinachofanana na kiini cha seli, wakati bakteria mwenyewe hana kiini. Nyuzi za protini iitwayo PhuZ hukisukuma chumba hicho katikati. Kunakili DNA hufanyika ndani. Ribosomu, zinazotengeneza protini, zipo nje, na RNA hutolewa kuzifuata. Vimeng'enya vya bakteria vya kukata DNA, pamoja na CRISPR (kinga ya bakteria dhidi ya virusi) ya aina inayokata DNA, hugonga ukuta. Cas13, kimeng'enya cha CRISPR ya aina nyingine, hukata RNA, na RNA lazima itoke nje, kwa hiyo yeye hufanikiwa. Angalieni tu msidhani kila faji kubwa ina chumba hicho. KVP40 haimo kwenye kundi hilo.

Kwenye kompyuta nako kuna mitego. Faji za Lak, zenye jozi zaidi ya 540,000, zilielezwa mwaka 2019 kutoka matumbo ya watu wa Bangladesh na wa Tanzania yetu hii, pia nyani na nguruwe. Hakuna aliyeziotesha kwanza. Zilisomwa moja kwa moja kutoka DNA ya kinyesi. Baadhi yake huisoma kodoni TAG, yaani herufi hizo tatu za DNA, kama glutamini, kijenzi cha protini, badala ya alama ya kituo cha jeni. Programu ikitumia jedwali la kawaida la kusomea kodoni, jeni moja hukatwa vipande, na mwanafunzi huandika kwamba jenomu imeharibika. Mkiona jeni fupifupi zimepangana upande mmoja na nafasi nyingi tupu, rudieni kwa jedwali namba 15 kabla ya kuitupa.

Kinyume chake pia hutokea: jenomu ndogo iliyojirudia mara mbili au tatu wakati wa kuunganisha vipande, ikajifanya kubwa. Ilinganisheni nusu ya kwanza na ya pili. Zikiwa sawasawa, msimwite mtu kuja kuangalia.