Barua kwa mwanangu: kinanda, na kwaya inayoshuka

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Wajukuu wasalimie. Unauliza kama kwaya ya usharika wenu itumie fedha za harambee kununua kinanda, kwa kuwa mnaanza wimbo kwenye F na ubeti wa tatu unawakuta kwenye E, yaani sauti imeshuka nusu toni. Kinanda nitakifikia. Kwanza niambie: mnashukia wapi?

Maana hakuna kwaya inayoshuka kila mahali. Inashuka sehemu mbili tatu, zile zile kila wiki, na mwalimu asiyezijua atabaki kufoka "pandisheni!" hadi watu wachukie mazoezi. Zitafute hivi. Toa do kwa uma wa sauti, kile chuma cha ncha mbili kinachotoa noti moja kikigongwa, waimbe mstari mmoja bila chombo, wanyamaze, ugonge uma tena. Uma unaotoa A, kwenye ufunguo wa F (do ikiwa F), unakupa mi. Teremka m, r, d (mi, re, do) kimoyomoyo, wao usiwaimbie. Do yao ikiwa palepale, mstari ule ni mzima, nenda wa pili. Wimbo wa mistari minne hauli hata dakika kumi, na mwizi utakuwa umemshika.

Mara nyingi mwizi ni mteremko. Mwimbaji akipanda hupiga hatua fupi, akishuka hupiga ndefu, basi s f m r d, yaani so hadi do, inamfikisha chini ya do. Waambie washuke kama mtu mwenye ndoo ya maji kichwani anayeshuka ngazi. Mwizi mwingine ni noti inayorudiwa: s s s s, ya nne imeshalegea, kwa hiyo kila moja waifikirie juu kidogo kuliko iliyotangulia. Alto, wale wanawake wa sauti ya chini, nao wachunge mi. Pale sauti nne zinapotua pamoja mwishoni mwa mstari, mara nyingi mi iko kwao, na ikilegea, besi watalaumiwa bure.

Halafu kuna ile herufi m ya "mtakatifu". Lugha yetu inaipa m silabi yake, na mtunzi akiipa noti ndefu, midomo inafungwa, sauti inafifia, kwaya nzima inazama. Wengine hukimbilia "mu-takatifu", ni makosa. Wafundishe kuivumisha m kwenye noti yake hasa, meno yameachana ndani ya midomo iliyofungwa, kisha waidondoshe "ta" palepale ilipo m. Fanya m peke yake mara tano kabla ya kurudisha neno.

Kwaya ni masikio kwanza. Najua umechoka kulisikia hilo tangu ukiwa unalala kwenye benchi la mazoezi.

Unakumbuka mashindano ya jimbo, ile sare iliyokupwaya? Beti tatu bila chombo, kinanda kiingie kwenye kiitikio cha mwisho. Kikaingia, na sisi tuko nusu toni chini yake. Watu waliguna. Mama yako mdogo alitazama sakafu hadi tukatoka. Miaka yote nimesema mpigaji angetusikiliza kwanza. Lakini angefanyaje? Kinanda kilikuwa sahihi. Kosa lilifanyika asubuhi ile, wimbo wa F ulipopandishwa hadi G kwa sababu soprano walikuwa wanang'aa kwenye kupasha sauti. Soprano waling'aa kweli. Tena je? Do yao ya juu ikawa G, wakaikaba kooni, na koo lililokabwa hushuka. Wanne tu, na wakaivuta kwaya nzima. Ufunguo huchaguliwa kwa sauti iliyo dhaifu kuliko zote, na haubadilishwi siku ya kuimba. Haya, tuyaache.

Pumzi nayo. Watu ishirini na wanne wakivuta pumzi pamoja kila mwisho wa mstari, kila mwanzo ni bahati nasibu. Wapange wapokezane: aliye kulia kwako akipumua, wewe unashikilia. Aliye dhaifu akae kati ya wawili wanaoshika. Besi wawe nyuma ya soprano, maana do iko kwao mara nyingi na soprano wanahitaji kuisikia mgongoni. Wimbo mpya anza na besi na soprano pamoja, mistari miwili miwili, kwa solfa (do, re, mi) kabla ya maneno. Hao wakisimama, ingiza alto, na tenor (wanaume wa sauti ya juu) mwisho. Kila mtu akifundishwa sauti yake pembeni nusu saa nzima, mkikutana hakuna anayemsikia mwenzake.

Sasa kinanda. Sarah Glover wa Norwich alipochapisha mbinu yake mwaka 1835, na John Curwen akaiendeleza kuwa hii solfa tunayoandika ubaoni, shabaha ilikuwa watu wa kawaida waimbe nota bila kutegemea chombo. Kwaya ni masikio kwanza. Kinanda kikipigwa muda wote kinawabeba. Umeme ukikatika ndipo utajua kama walikuwa wanaimba au wanafuata. Ila siwezi kusema hakina kazi. Alto akikosa mazoezi, utampigia mstari wake mara tatu aushike. Nyimbo nyingi za vijana bila kinanda hazisimami. Na kile kitufe cha kuhamisha ufunguo kingetuokoa siku ile, kama mtu angekumbuka kukibonyeza.

Fedha ni za kwaya na kamati mnayo, kwa hiyo sisemi mnunue wala msinunue. Ila ingekuwa mimi, ningesubiri miezi mitatu. Mkisharudi kwenye F ubeti wa tatu, nunueni. Basi, nimeshasema, ingawa sikutaka.

Uma uko kwenye droo ya kabati la vyombo, ndani ya soksi ya marehemu baba yako. Utauchukua mkija Pasaka. Ugonge kwenye goti, si kwenye meza.

Mama yako