Na nani atakayeanika hayo mahindi?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama njia za asili za kuzuia wadudu wa nafaka na nguo, yaani mwarobaini, majivu, pilipili, karafuu na kadhalika, bado zinafaa kuliko dawa za dukani. Jibu la kwanza lililonijia ni ndiyo, tena ndiyo ya hasira kidogo, kwa sababu nimechoka kusikia watu wa mjini wakizungumzia mambo ya bibi zetu kama vile ni ushirikina. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mkulima wa Handeni. Ghala lake halikuwahi kuona kopo la dawa mpaka nilipokuwa msichana mkubwa, na watu wakala mwaka mzima.

Kwa hiyo ndiyo, zinafaa. Ila naomba nieleze zilivyokuwa zinafaa, maana hapo ndipo swali lenu linaponikera.

Zamani kidogo, adui alikuwa fukusi, na fukusi alizoeleka. Huanzia shambani, hutaga ndani ya punje mahindi yakiwa bado yamesimama, kisha mnambeba wenyewe hadi nyumbani. Bibi alikuwa akichagua mahindi yaliyofunikwa vizuri na maganda, anayafunga mafungu, anayapandisha kwenye dari ya jikoni juu ya mafiga. Moshi na joto viliyaweka makavu. Yalikuwa meusi, yananuka moshi, lakini yalikuwepo. Yaliyobunguliwa yalikuwa machache na walipewa kuku.

Kisha akaja dumuzi. Wenye umri wangu mnamjua. Kuna sehemu walimwita Scania. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa kwetu aligundulika kwanza upande wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla ya kusambaa na mizigo ya mahindi. Kwetu mimi nilimwona mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa likizo. Au tuseme nilimsikia kwanza. Usiku, kukiwa kimya, dari ilikuwa inakwaruza. Asubuhi kulikuwa na vumbi jeupe juu ya mafiga, juu ya vyungu, juu ya mtungi wa maji, unga mtupu ambao hakuna aliyeusaga. Ukishika hindi ukalibana, punje zinabaki maganda mkononi. Moshi haukumfanya kitu. Dumuzi anapenda mahindi yakiwa kwenye gunzi, anapata pa kujishikiza anapotoboa, na dari yetu ilikuwa imemwekea gunzi kwa gunzi.

Baba mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaja na maneno ya bwana shamba: pukuchueni yote, pepeteni, changanyeni na unga wa dawa, tieni guniani. Magunzi yachomwe. Fito za dari zichomwe pia, kwa sababu mdudu huyu anatoboa hata mti na anaweza kujificha humo akisubiri mavuno mengine. Bibi alipanda akazitazama fito, akaona matundu, akashuka bila neno. Fito zikachomwa siku ileile.

Dawa ndiyo aliyoikataa.

"Mama, hawa si fukusi," baba mdogo akamwambia.

"Nimeona si fukusi. Ndiyo maana nataka majani mengi."

"Majani hayawezi."

"Na hiyo inayoua mdudu ndani ya chakula, nikiila mimi itanijua kuwa ni mkubwa wako?"

Wakagawana. Nusu kwa baba mdogo na unga wake wa dawa, nusu kwa bibi na mwarobaini na majivu. Babu alisema ni vizuri, tutaona, akaenda zake kukaa chini ya mwembe. Nawaombeni radhi kwa kuikalia sana hadithi hii, lakini mmenikumbusha wenyewe.

Mahindi yote yalipukuchuliwa kwa mikono. Kupiga gunia kwa fimbo bibi alikataza, kwa sababu punje iliyovunjika ndiyo mlango wa mdudu, na katika hilo yeye na bwana shamba walikubaliana. Unafungua mstari mmoja kwa kidole gumba au kwa ncha ya kisu, kisha unasukuma iliyobaki ukisugua na gunzi jingine. Kidole gumba kinavimba, kinatoa lengelenge, lengelenge linapasuka, na wewe unaendelea. Tulikuwa mama, shangazi, mke wa baba mdogo na sisi wasichana. Wavulana walitumwa kuni, na kuni za siku zile zilikuwa mbali ajabu, maana hawakurudi mpaka jioni.

Kisha majani. Hayaanikwi juani, nguvu yake inapungua. Yanakaushwa kivulini, kwa hiyo yalitandazwa chini ya vitanda na kila mtu akalala akinusa uchungu. Yakikauka yanatwangwa. Sijui kama waliouliza swali hili wamewahi kutwanga mwarobaini mkavu. Vumbi lake linaingia kooni, ukilamba midomo unaonja, ukipiga chafya unaonja. Kinu kikaoshwa, kikamwagiwa maji ya moto, kikasuguliwa na mchanga. Bado kisamvu cha wiki ile kilikuwa kichungu mpaka babu akasukuma sahani pembeni na kuuliza nani amepika. Tulipata kazi ya kutafuta kinu cha kuazima.

Halafu majivu. Watu wanasema "weka majivu kidogo". Kidogo hakisaidii. Majivu yanafanya kazi kwa kujaza nafasi kati ya punje na punje ili mdudu asipite, na kwa kumkwaruza ngozi ile yenye nta mpaka anakauka. Kwa kunde, kiasi kinachofaa ni kama vipimo vitatu vya majivu kwa vinne vya kunde. Someni tena hapo. Karibu nusu ya chombo ni majivu, yaliyochekechwa, yasiyo na kaa. Bibi alikuwa anayakusanya mwaka mzima kwenye debe lenye kifuniko.

Na hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Nusu ya baba mdogo ilifungwa ikawekwa juu ya magogo, basi. Nusu ya bibi, kila jua likiwaka vizuri baada ya majuma kadhaa, ilitolewa nje, ikamwagwa kwenye mikeka, ikaanikwa, ikachekechwa, wadudu wakachambuliwa, majani mapya yakatwangwa, ikarudishwa. Wingu likitokea mnakimbia. Hata kuku walihitaji mlinzi, na mlinzi nilikuwa mimi. Masika yalipofika nusu zote mbili zilikuwa nzima, za bibi zikiwa zimeliwa kidogo zaidi. Baba mdogo akatangaza ushindi wa sayansi. Bibi akatangaza ushindi wa mwarobaini. Mke wa baba mdogo, aliyefanya kazi kwenye nusu zote mbili, alikuwa anasonga ugali.

Sasa niambieni, katika nusu ile ya bibi, nini kilichozuia dumuzi? Ninavyoelewa leo, majani ya mwarobaini yanamfukuza na kumsumbua mdudu kuliko kumuua, hayamfikii kiluwiluwi aliyekwisha kuingia ndani ya punje, na mbegu za mwarobaini zina nguvu kuliko majani. Jua na chekecheo ndivyo vilivyofanya sehemu kubwa ya kazi. Jua, chekecheo na wanawake. Kwa hiyo mnapouliza kama njia za asili "zinafaa", ulizeni pia kama mna mtu wa kukaa nyumbani kuzifanya zifae. Mimi natoka alfajiri narudi usiku, napika kwa gesi. Majivu nitoe wapi? Nikaanike wapi, juu ya paa la mwenye nyumba?

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuzitetea kwa nguvu zote, na naona nimezibana. Basi niwe mkweli na kwa dawa pia. Bibi hakuwa mjinga kuiogopa. Nimeona unga wa dawa ukipimwa kwa vijiko kwenye karatasi za daftari, hauna lebo, muuzaji anakwambia "weka tu". Watu wanachanganya kwa mikono mitupu, wanaweka zaidi ili "ikubali", wanasaga kabla ya muda. Ukiitumia kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yake, sina ugomvi na wewe.

Kwangu mahindi ya mwaka huwekwa kwenye ile mifuko ya tabaka tatu, mifuko miwili ya nailoni ndani na sandarusi nje, inayoitwa kinga njaa. Haina jani wala sumu. Unakamua hewa, unafunga kila tabaka peke yake, na wadudu waliomo wanaimaliza oksijeni wenyewe, wanaacha kula, wanakufa. Sharti ni moja: mahindi yawe makavu kwelikweli. Chukua chupa kavu, tia chumvi kavu na punje kadhaa, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa au kwenye punje, rudisha juani. Usipofanya hivyo unafungia ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu inayotoka kwenye ukungu, na sumukuvu haitishwi na mwarobaini wala na dawa ya dukani.

Kunde na maharage ya kula karibuni ninayapaka mafuta ya kupikia, kama kijiko kimoja cha chai kwa kilo, nasugua mpaka kila punje ing'ae. Mayai ya wadudu hayaendelei. Hiyo ni njia ya asili, na inanichukua muda mfupi kuliko kuandika aya hii.

Nguo mmezitaja, nami sitazikalia sana. Nondo hali kanga. Kiluwiluwi chake kinataka sufu, hariri, manyoya. Kwa hiyo mwenye kumwogopa ni mwenye suti ya sufu na sweta za mtumba. Kanga mpya ikitoboka, mtazame mende, au kale kadudu kembamba ka rangi ya fedha, wote wanafuata wanga wa kiwandani na jasho. Fua, pasi, anika, ndipo uweke. Karafuu na udi naweka kwenye kabati langu kwa sababu napenda harufu, na nadhani shangazi zangu wa Muheza nao walikuwa wanapenda harufu wakasema ni dawa ili mtu asiwaulize gharama.

Vile vidonge vyeupe vya naftalini ndivyo ninavyovipinga bila kupepesa macho, angalau kwa nguo za mtoto mchanga. Katika ukanda wetu wa malaria watoto wengi huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Mtoto wa namna hiyo akivishwa au kufunikwa nguo iliyolala na naftalini, chembe nyekundu za damu yake zinaweza kupasuka, akapata manjano makali. Nguo alizokuwa akivaa dada yake zikitoka sandukuni, zifuliwe na zipigwe jua kwanza, na vidonge visiwemo tangu mwanzo.

Kwa hiyo kura yangu, mkitaka kuihesabu: mahindi kwa mifuko, kunde kwa mafuta, nguo kwa sabuni na jua. Mwarobaini nauacha kwa mwenye kivuli, kinu cha ziada na watu nyumbani, na kama mnavyo vyote hivyo, tafadhali wagawieni wavulana zamu ya kutwanga. Panya sijawahesabu katika haya yote. Panya anatoboa tabaka tatu usiku mmoja, na dawa ninayoijua ya panya ni paka, ambaye mwenye nyumba wangu amemkataza.

Msomaji, Tabata, Dar es Salaam