Barua kwa mwanangu: stesheni ya Maktau

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba ukiwa kwenye matatu ya kwenda Taveta uliona reli ikichomoza nyasini karibu na Maktau kisha ikapotea, ukajiuliza ni nani aliyeweka stesheni katika nyika ambayo hata maji ni shida.

Ni Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanangu. Agosti 1914 Wajerumani walivuka kutoka upande wa Moshi, wakati huo koloni lao, wakaiteka Taveta. Toka hapo vikosi vyao vidogo vilipenya porini kwenda kutega baruti kwenye reli ya Mombasa na Nairobi. Waingereza hawakuweza kuwafukuza bila kufikisha askari, chakula na hasa maji. Basi mapema mwaka 1915 wakaanza kutandika reli kutoka Voi, wajenzi wakiwa wanajeshi wa reli kutoka India, na Juni ikafika Maktau. Ikaishia hapo kwa miezi kadhaa, na pori lile likageuka kambi kubwa.

Ndiyo maana utakuta makaburi ya askari wa Kihindi hapo. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, Luteni William Dartnell, mzaliwa wa Australia, alipigwa risasi mguuni. Wenzake waliporudi nyuma alikataa kubebwa, akabaki na majeruhi wasioweza kuhamishwa akitumaini kuwaokoa. Aliuawa, akatunukiwa Msalaba wa Victoria, na kaburi lake liko Voi. Namheshimu sana. Lakini wapagazi wetu, wale wa Carrier Corps waliobeba mizigo ya vita hivyo vyote, wengi wao hawana hata jiwe lenye jina. Ukipita Kariokor hapo Nairobi, jua kwamba jina hilo limetokana na wao. Hili huniuma kila nikilifikiria.

Februari 1916 Waingereza walishindwa pale kilima cha Salaita. Mwezi uliofuata wakapigana kwenye vilima vya Latema na Reata, wakapita. Reli ikasukumwa mbele hadi Kahe, ikaungana na ile ya Tanga na Moshi.

Amani iliporudi, njia ya mizinga ikawa njia ya mkonge na ndizi. Mimi niliijua hivyo. Siku za soko la Taveta nyanyako alituamsha gizani, tukapanda na vikapu vitupu, tukarudi tumebanana na mikungu, behewa zima linanuka ndizi mbivu. Kati ya Maktau na Taveta treni ilipita ndani ya mbuga ya Tsavo, na sisi watoto tulining'inia madirishani kutafuta ndovu. Hakuna aliyetuambia kuhusu vita. Shuleni tulisoma reli ya Uganda, basi.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Reli iliyokuwa ikipita ng'ambo ikawa mkia usio na mwili. Magari yakachukua abiria, treni zikapungua, mwisho zikakoma. Sasa lami imepita kandokando yake na watu wanaenda kasi bila kugeuza shingo. Nimefurahi kwamba wewe uligeuza.

Ukija Desemba tutashuka Maktau asubuhi, kabla jua halijawa kali. Vaa viatu vigumu, maana miiba ya migunga imefunika tuta. Tutaanzia makaburini, halafu nikuonyeshe mahali nyanyako alipokuwa akiketi juu ya kikapu kusubiri treni.

Babako