Mkanda mpya, kelele ile ile

SWALI: Hujambo fundi? Nina Corolla 110 ya mwaka 1998. Kila asubuhi nikiliwasha linalia "kwiii" hadi majirani wa ploti wanachungulia. Baada ya dakika chache linatulia. Jioni, kwenye foleni ya Jogoo Road, nikiwasha taa na feni kelele inarudi na taa nyekundu ya betri inametameta. Fundi wa mtaani aliupaka sabuni mkanda wa alteneta (mtambo wa kuchaji betri), baadaye akafunga mpya. Wiki mbili tu, kelele ikarudi. Sasa anasema alteneta imekufa, ninunue nyingine Kirinyaga Road. Ninunue?
Mwalimu, Umoja

JIBU: Sijambo, Mwalimu. Usitoe hata shilingi kwanza. Tazama saa za hiyo kelele. Asubuhi betri imetoka kupiga stata, alteneta inafanya kazi nzito kuirudishia chaji. Jioni taa na feni zinaidai tena. Ikilemewa hivyo, puli yake, gurudumu linalozungushwa na mkanda, inakuwa nzito, na mkanda uliolegea unateleza juu yake. Ndipo unapolia, na ndipo taa ya betri inapometameta. Mkanda mpya hulegea kidogo siku za mwanzo na lazima ukazwe tena. Wako, nadhani, haukurudiwa.

Na hiyo sabuni, tafadhali, isiguse gari lako tena. Inanyamazisha kwa muda tu, na mkanda unaendelea kuungua.

Chukua chupa ya kunyunyizia maji, ile ya kupigia pasi. Injini ikiunguruma na kelele ikiwepo, nyunyiza kidogo upande wa mkanda wenye mifereji; mikono, leso na nywele viwe mbali. Kelele ikizidi, mkanda umelegea. Ikinyamaza halafu ikarudi maji yakikauka, puli hazijakaa mstari mmoja, labda alteneta ilifungwa upande. Maji yasipobadilisha chochote, shuku beringi, ile inayoifanya puli izunguke laini.

Zima injini, umulike tochi. Mifereji iking'aa kama kioo, mkanda umeshaungua, hata kama ni mpya, na kuukaza hakutausaidia. Ukiwa na oili, tafuta kwanza inakovuja, mara nyingi ni gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini. Ukiwa mzima, ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili zilizo mbali zaidi: uingie takriban sentimita 1. Ukizidi, fundi alegeze alteneta kwa spana, aivute, afunge. Asikaze kupita kiasi, ataua beringi.

Mkanda ukiwa nje, zungusha kila puli kwa mkono. Inayokwaruza ina beringi mbovu, na beringi ya alteneta hubadilishwa peke yake.

Baada ya kukaza, mwambie apime betri kwa mita, injini ikiwaka na taa zimewashwa. Volti 13.5 hadi 14.5 ni sawa. Ikibaki 12 na mkanda umekaza vizuri, hapo nitakubali alteneta ina shida, na hata hivyo ipeleke kwanza kwa fundi wa umeme wa magari aifungue.

Fanya haya wiki hii, Mwalimu. Kwenye injini yako mkanda huo ndio unaozungusha pia pampu ya maji ya kupoza injini. Ukikatika, taa ya betri itawaka bila kuzima na sindano ya joto itapanda. Egesha, uzime papo hapo, hata kama umebakiza hatua chache kufika nyumbani.