Ndege wa kifua cha manjano Mau Narok

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina ekari 6 za malisho hapa Mau Narok. Kijana wangu anataka tulime zote viazi. Mle ndani huruka ndege mdogo mwenye kifua cha manjano. Nimeambiwa ni adimu. Kweli? Na nikilima, si atahamia kwa jirani?
– Mama Kondoo

JIBU: Marahaba, Mama. Mtazame vizuri kifuani. Akiwa na mkufu mpana mweusi shingoni, huyo ni binamu wa kawaida wa yule adimu. Akiwa na michirizi tu, mgongo umejaa mabaka ya kahawia na kucha ya nyuma ni ndefu, huenda ndiye yule adimu uliyeambiwa, kwa jina la kisayansi Macronyx sharpei. Huyo yuko Kenya pekee, kwenye nyanda za juu kama Kinangop na hapo kwenu, na yumo hatarini kutoweka.

Kuhama ndiko kunakomshinda. Shamba lililolimwa halimfai, wala msitu wa mikaratusi. Anataka nyasi fupi zenye mafungu ya nyasi ngumu, yale ambayo kondoo huyaacha na nyinyi huyang'oa kwa jembe. Hujenga kiota chini kabisa ya fungu hilo. Jirani naye akiwa amelima, aende wapi?

Sikukatazi viazi, karo hailipwi kwa ndege. Lakini mpe kijana ekari mbili au tatu, zilizobaki walishe kondoo wako, na mafungu yasiguswe. Kinangop wapo wafugaji wanaosokota sufu ya kondoo na kuiuza. Mwulize kijana kama bei ya viazi msimu uliopita ilimpendeza.