Kabla ya kulipaka gofu lako rangi, uliza maji yalipita wapi

Magofu mengi ya kuigiza ninayoyaona kwenye meza za michezo ya vita, ile inayochezwa kwa sanamu ndogo za askari, yana kijivu cheusi chini, kijivu cha kawaida katikati na kijivu cheupe kwenye kingo. Brashi kavu, ile iliyopanguswa hadi ikabaki na rangi kidogo tu, imepita vizuri na mkono umetulia, lakini jiwe halina umri. Unaona plastiki iliyopakwa kijivu, basi. Mimi siku hizi sifungui kopo kabla sijajua mvua inaupiga ukuta huu upande gani, inateremkia wapi na inatuama wapi. Nikishajua hayo, kuchagua rangi hakunisumbui tena.

Litazame jengo lolote la mawe lililotelekezwa muda mrefu. Karibu na ardhi unyevu hupanda, kwa hiyo safu za chini huwa nyeusi zenye ukijani. Chini ya kizingiti cha dirisha hutokea michirizi, kwa sababu maji hukusanyika pale kisha humwagika mahali palepale kila mvua inaponyesha. Kama kuna nondo au bawaba ya chuma, mchirizi wake ni wa kutu. Kama ni shaba, ni wa kijani. Pale ukuta ulipovunjika, uso wa ndani wa jiwe huwa na rangi nyepesi kuliko uso wa nje, maana haujapigwa na mvua na jua miaka mingi. Jiwe la chokaa lina tabia ambayo wapakaji wengi huigeuza juu chini: sehemu inayooshwa na mvua hubaki nyeupe, na sehemu iliyojificha chini ya ukingo ndiyo inayoshika masizi ya mjini hadi ikafanya ganda jeusi. Jiwe la mchanga ni la njano au jekundu kwa sababu ya chuma kilichomo ndani yake. Granaiti ina madoadoa, na hayo huyapati kwa brashi: chovya mswaki wa zamani kwenye rangi, kisha uukwangue kwa kidole ili matone madogo yaruke.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Kama gofu lako umelichonga kwenye foamu ngumu, ile ya mabamba ya kuzuia joto majumbani, weka kopo la kupuliza mbali kwanza. Viyeyushi vyake vinaila foamu, na ukuta uliouchonga kwa subira unabaki na mashimo. Changanya gundi nyeupe ya mbao na rangi nyeusi ya maji, upake mara mbili, ukihakikisha mchanganyiko umeingia kila ufa. Hiyo inakuwa ngozi ya kinga na rangi ya kwanza kwa wakati mmoja. Kwa plastiki na plasta mambo ni rahisi zaidi, ila plasta hunywa rangi sana, kwa hiyo usishangae mpako wa kwanza ukipotea.

Sipaki magofu kwa vile vichupa vidogo vya rangi za sanamu. Ni kupoteza pesa, na ukifika ukuta wa tatu rangi imekwisha na hutaweza kuichanganya ikafanana. Nunua kopo dogo la rangi ya maji ya ukutani, ya kahawia iliyokolea, na jingine la kijivu chenye umanjano, na uandike kwenye kifuniko vipimo vya kila mchanganyiko unaoupenda. Meza nzima ikitokana na kopo moja, magofu yanaonekana ya mji mmoja hata kama umeyatengeneza miaka tofauti.

Ukuta wote naupaka kwanza ile kahawia iliyokolea. Ikishakauka, kijivu nakiweka kwa sponji iliyochanwachanwa, nikigusagusa bila kusugua. Sponji haipigi mistari, na jiwe nalo halina mistari ya brashi. Halafu nachagua jiwe moja hapa na jingine pale: hili nalipa kahawia, lile kijivu cha kibuluu, lile kijani kilichofifia. Katika hatua hii ukuta utaonekana kama nguo ya viraka, na hapa ndipo wengi hukata tamaa wakafuta kazi yote. Vumilia. Rangi nyepesi ya kahawia na nyeusi, iliyozimuliwa kwa maji mengi na tone la sabuni ya vyombo ili isijikusanye vitone, itaviunganisha viraka vyote ikishatuama kwenye maungio. Iache ikauke kabisa kabla hujaitolea hukumu, kwa kuwa akriliki, yaani hizi rangi za maji, ikikauka hukolea kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi.

Brashi kavu ije mwisho, na iwe pana na laini. Brashi za vipodozi ni nzuri kuliko nyingi zinazouzwa kwa kazi hii. Pangusa rangi kwenye kitambaa hadi ubakie na vumbi tu, kisha pitisha kutoka juu kwenda chini, ili kingo za juu zishike mwanga kama zinavyoshika mwanga wa jua. Usitumie nyeupe tupu. Rangi ya mfupa inatosha, na jiwe linabaki na joto lake.

Sasa rudi kwenye maji. Michirizi naichora kwa rangi iliyozimuliwa sana, kisha navuta ncha yake chini kwa brashi yenye maji matupu ili ifie yenyewe. Kuvumwani za kijani, yale madoa yanayoota juu ya mawe, naziweka chini na upande mmoja tu wa jengo, ule niliouamua kuwa wa kivulini. Ukizisambaza kila mahali, umerudi kulekule kwenye rangi moja. Vumbi la chaki iliyokwanguliwa linafaa pembeni mwa sakafu, lakini weka zaidi ya unavyodhani, maana vanishi itameza sehemu yake.

Vanishi yenyewe ni lazima, kwa sababu magofu hushikwashikwa sana na mikono, na kingo za juu ndizo huanza kuchubuka. Tumia isiyong'aa, na ile ya kupuliza usiipulize siku yenye unyevu mwingi: inaweza kuganda ukungu mweupe juu ya kazi yako yote.

Kisha weka kikosi chako mbele ya ukuta, wale askari wenye kimo cha milimita 28 hivi, urudi nyuma hatua mbili na utazame. Jicho likikimbilia ukutani kabla ya kuwaona askari, ukuta una kelele. Upitishie tena ile rangi ya kahawia na nyeusi iliyozimuliwa, mara moja, hasa kwenye kingo ulizozing'arisha kupita kiasi, kisha uuguse upya kwa vanishi.