Hakuna aliyefika kwenye kiini cha dunia, mnajuaje ni chuma?

SWALI: Nafundisha jiografia sekondari. Mwanafunzi wa kidato cha tatu amenibana: kama hakuna aliyefika kwenye kiini cha dunia, wanajiolojia mnajuaje kuwa ni chuma? Ushahidi usio wa moja kwa moja si kubahatisha tu?

JIBU: Mwalimu, huyo kijana mpe heko. Kweli hatujafika. Shimo la Kola, lililochimbwa kwa utafiti kule Urusi, liliishia mita 12,262 mwaka 1989, na kutoka hapa juu hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371.

Lakini anayenunua nazi sokoni haivunji kwanza. Anaitikisa sikioni, asikie maji. Sisi tunatikisiwa na matetemeko. Kila tetemeko hupitisha ardhini mawimbi P, ya kusukumana, na mawimbi S, ya kutikisika kwa ubavu. Haya ya S hayapiti kwenye kimiminika. Vituo vya kupimia matetemeko vilivyo upande wa pili wa dunia huyakosa mawimbi S ya moja kwa moja, kila mara, popote tetemeko lilipotokea. Basi kuanzia kina cha kilomita 2,900 hivi kuna kitu kilichoyeyuka, ndicho kiini cha nje. Niambie kingine chochote kitakachoyazuia S na kuyapitisha P kwa mtindo huo, mimi sikijui. Hicho ndicho kipimo cha ushahidi wa aina hii, wala si kwamba umekigusa au hukukigusa. Mwaka 1936 Inge Lehmann, mtaalamu wa matetemeko wa Denmark, aliona mawimbi P hafifu mahali ambapo hayakutarajiwa, akagundua kiini cha ndani, kilicho kigumu.

Kwenye chuma, mnyororo ni mrefu zaidi. Densiti, yaani uzito kwa ujazo, ya dunia nzima ni gramu 5.5 kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali miamba tunayoikanyaga ni kama 3 au pungufu. Uzito uko chini. Halafu kuna kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe: tani 16 hivi, kama asilimia 90 chuma, kinachobaki karibu chote nikeli. Vimondo vya namna hiyo tunavichukulia kuwa vipande vya viini vya magimba madogo ya angani yaliyovunjika. Kasi ya mawimbi nayo inakubaliana na chuma, ila si chuma tupu: kiini cha nje ni chepesi kidogo kuliko chuma safi. Kimechanganyika na nini, salfa, oksijeni au silikoni? Bado tunabishana.

Kwa hiyo, kuyeyuka kwa kiini cha nje nakuapia. Mchanganyiko wake kamili, siapi. Kwenye mtihani aandike "chuma na nikeli", alama atapata.